Maswali Elfu Saba ya Ukurasa Mmoja

Chumba cha Damu, Hospitali ya Watoto
3 Machi

Baba Bonge,

Huku tu wazima, naanza na hilo maana najua ndilo unalolitafuta kabla ya jingine. Mgeni wetu mchanga ameota jino la pili na anajifunzia kwangu kung'ata nalo. Bonge hajambo. Anakusalimu.

Sasa kazi. Programu yako inatambaa. Daktari akitaka damu ya mtoto nafungua ule ukurasa wako wa Nani Anafaa, naandika jina la mtoto, nabonyeza, halafu wote tunakaa kukitazama kile kiduara kinazunguka. Kinazunguka mpaka Mgeni ananyonya ziwa la kwanza, anahamia la pili, analala. Jana nilikipima kwa saa ya ukutani: dakika tisa na nusu. Ulipokuwa hapa ukurasa ulikuwa ukifunguka kabla sijaondoa kidole.

Sista Kengele amenisimamia mgongoni: "Mama, hiyo mashine inatafuta damu au inatafuta mchumba?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, programu ni ya mume wangu.

Unajua kwa nini nakusumbua na hili huko uliko. Mtoto wa kawaida unamletea chupa ya kundi lake na mwili unaipokea. Wale wa seli mundu walioongezewa damu mara nyingi, kama Bonge wetu, miili yao imekuwa migumu. Inakataa hata chupa ya kundi lilelile kwa sababu ya alama ndogondogo ambazo kadi za zamani haziziandiki. Programu yako ndiyo inayozijua. Ina wachangiaji elfu tatu na zaidi, vipimo vyao, na siku waliyotoa damu mara ya mwisho, na inasema: huyu aitwe, huyu bado hajapumzika.

Mkurugenzi ametangaza kwamba ikifika tarehe 31 haijapona anaizima. Turudi kwenye kadi mpaka kampuni ya programu mpya ije mwezi wa sita. Kadi hazimjui Bonge, Baba Bonge.

Fundi mwingine hapa hakuna. Neno la siri ninalo, lile uliloniandikia kiganjani siku ya hukumu, nililinakili kabla sijanawa. Niambie niguse wapi.

Mama Bonge


Jela
9 Machi

Mama Bonge,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena, ndiyo kawaida. Afande wa Barua huisoma yote na kalamu nyekundu mkononi, kama mwalimu wa insha. Hakukuta kosa.

Nisikilize taratibu. Programu haiongei lugha ya hifadhidata, ile ghala yenye kumbukumbu zote. Katikati yao kuna mkalimani, na mkalimani huyu ana milango miwili. Mlango wa zamani unamwandikia swali zima kwa mkono wako, refu, la kuchosha: nitajie wachangiaji wote, nao waje na vipimo vyao, nao waje na michango yao. Mlango mpya ni wa kisasa. Unasema "nipe mchangiaji", halafu vipimo vyake unamwomba yeye mwenyewe kana kwamba anavitembeza mfukoni. Wiki ile ya mwisho kabla ya hukumu niliuhamisha ukurasa wa Nani Anafaa kutoka mlango wa zamani kwenda mpya. Mistari mia na ishirini ikawa hamsini. Nilitaka atakayekuja baada yangu aisome bila kunitukana. Niliijaribu hapo hapo kwenye meza ya jikoni, wewe ukikatakata vitunguu, ikafunguka palepale.

Kwa hiyo kosa si la programu. Kwenye barua ya nyuma uliniambia wamehamisha seva, mashine inayoitunza hifadhidata, kwenda makao makuu, ng'ambo ya mji. Basi ni waya. Wabadilishe waya kutoka ukutani hadi kwenye mashine yako, na waiongezee mashine kumbukumbu, imezeeka ile. Mwambie Darubini wa maabara, yeye ana urafiki na watu wa stoo.

Bonge aliongezewa damu Februari? Hukuandika. Mtoto anayeongea kama redio, halafu wewe unaniletea neno moja: hajambo. Niandikie alichosema.

Baba Bonge


Hospitali
15 Machi

Baba Bonge,

Waya umebadilishwa. Kumbukumbu imeongezwa, Darubini alikaa mlangoni kwa watu wa stoo kama mtu anayeposa mpaka wakampa. Kiduara kinazunguka vilevile. Dakika tisa na nusu, na sekunde zimeongezeka.

Sasa na wewe nisikilize mimi.

Kwenye faili zako nilikuta sehemu umeandika, kwa maneno yako mwenyewe, "washa hapa uone maswali". Nikawasha. Kumbe programu inaweza kuandika kila swali inalomuuliza huyo mkalimani wako apeleke kwenye hifadhidata. Nikafungua Nani Anafaa kwa mtoto mmoja. Maswali yakaanza kumiminika chini ya kioo, nikadhani nimeharibu kitu. Nilipoona hayaishi nikaiambia mashine iyahesabu yenyewe.

Maswali elfu sita mia nne na tisa. Kwa ukurasa mmoja. Kwa mtoto mmoja.

Nikafungua ukurasa wa takwimu, ule ambao hukuugusa, bado uko kwenye mlango wa zamani. Wachangiaji walewale, hifadhidata ileile, waya uleule. Umeuliza swali moja. Sekunde mbili.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na kozi ya miezi mitatu, lakini faili nimebeba miaka mingi. Daktari akiniambia niletee faili za wodi nzima, nachukua orodha na kigari, naenda mara moja. Mlango wako mpya unanituma jina la kwanza, narudi, jina la pili, narudi. Wachangiaji wako ni elfu tatu mia mbili na nne. Kila mmoja anafuatwa safari mbili, basi zidisha mara mbili, ongeza ile safari ya kwanza ya kuwaorodhesha. Nimezidisha. Inatoka elfu sita mia nne na tisa, haipungui hata moja. Na seva siku hizi iko ng'ambo ya mji, kila swali linakwenda huko na kurudi. Jikoni kwetu seva ilikuwa ndani ya mashine ileile na wachangiaji walikuwa arobaini. Nakumbuka, niliwaandika mimi, nilimweka mpaka shangazi yako.

Wiki hii, wakati kiduara kinazunguka, nesi alimwekea mtoto wa muuza baiskeli chupa ya kundi lake tu. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Amepona. Mama yake hajaacha kunitazama.

Acha kunifundisha waya. Nijibu kuhusu maswali elfu sita, na unijibu haraka. Daktari ameitisha wachangiaji wapya, mia nne kwa mpigo, wiki ijayo majina yao yanaingia.

Bonge hajambo. Amesema ukirudi umletee kalamu nyekundu kama ya huyo afande.

Mama Bonge


Ofisi ya Barua, Jela
21 Machi

TAARIFA KWA NDUGU WA MFUNGWA

Barua ya mfungwa mwenye ndugu katika Hospitali ya Watoto, kurasa mbili, ya tarehe 20, imezuiwa. Sababu: ina maandishi ya siri (mabano, nukta, alama zisizosomeka). Mfungwa amehojiwa. Ruhusa yake ya barua imesimamishwa siku kumi na nne.

Afande wa Barua


Hospitali
25 Machi

Kwa Afande wa Barua,

Shikamoo Afande. Mimi ni mke wa huyo uliyemzuilia barua ya mabano na nukta. Sikuandikii kwa ubishi, nguvu za ubishi sina. Nimempa dereva wa gari la wagonjwa barua hii aikabidhi mkononi mwako.

Yale maandishi si siri. Ndivyo programu inavyoandikwa. Yeye ndiye aliyeitengeneza programu ya chumba chetu cha damu. Imeharibika, yeye anajua inapona vipi, na ile barua uliyoiweka kwenye droo ndiyo dawa. Umeshika chupa ya dawa, Afande, na kwa sababu lebo huisomi umeifungia.

Nitakwambia jambo ambalo mume wangu simwambii, na nakuomba kama mzazi, kama una mtoto, usimwambie.

Tuna binti wa miaka sita, tunamwita Bonge kwa utani, maana hajawahi kunenepa. Ana seli mundu. Damu ya Februari hakuiongezewa, hakupatikana mtu anayemfaa. Tangu tarehe 12 amelazwa kitanda cha nne. Barua yangu ya mwisho ya "hajambo" niliiandika nimeegemea kile kitanda. Baba yake yuko ndani kwa ile ajali ya gari, hali chakula kila anapofikiria mtu aliyekufa. Nikasema nikimwongezea na hili atavunjika. Labda nilikosea. Sijui. Nimechoka kujua.

Mwanzoni ukurasa ulichelewa lakini ulifunguka. Ulitupa majina mawili: mmoja amesafiri, mwingine ametoa damu juzijuzi. Daktari akaita watu wapya mia nne. Walikuja, Afande. Walipanga foleni mpaka nje ya geti. Tumewaingiza wote, na sasa wachangiaji wamefika elfu tatu mia sita na nne, maswali yamepita elfu saba, na makao makuu wameweka sheria kwamba ukurasa ukizidi dakika kumi unakatwa. Haufunguki tena kabisa. Kiduara kinazunguka, halafu kioo kinakuwa cheupe. Nimeomba watuongezee muda, wamesema niandike barua rasmi. Nimeiandika.

Yule anayemfaa mwanangu yumo humo ndani. Daktari ana uhakika, kwa watu mia nne lazima yumo. Tumemwingiza wenyewe, na kumwingiza ndiko kulikofunga mlango. Wale ambao namba za kadi zao ninazo nimewafungua mmoja mmoja, mia na kumi na tisa, hayumo. Namba za wengine ziko kwenye fomu zilizopelekwa makao makuu. Naambiwa nisubiri.

Jana nilijaribu kurekebisha mwenyewe kwa kubahatisha. Chumba kizima cha damu kilizimika saa nzima. Nilirudisha nakala huku Sista Kengele ananipigia kelele, na alikuwa na haki.

Basi kama hutaki mabano, mwache aniandikie kwa maneno. Keti naye. Mwulize kila neno mpaka uelewe wewe. Ukielewa wewe, nitaelewa mimi. Lakini fanya leo.

Mama Bonge, karani wa chumba cha damu


Jela
28 Machi

Mama Bonge,

Jana mchana Afande wa Barua aliniita ofisini. Nilidhani ni adhabu nyingine. Akanisukumia kiti. Barua yangu ya tarehe 20 ilikuwa mezani, akasema, "Kila alama niambie inafanya nini. Nikishindwa kuelewa haitoki."

Tumekaa mpaka kengele ya chakula. Nilimweleza mkalimani na milango miwili. Akaniuliza, "Yaani huyo mkalimani wako ni mfungwa anayetumwa kujaza pipa kwa kikombe?"

"Ndiyo, afande."

"Kisima kiko ng'ambo ya mji."

"Ndiyo, afande."

"Na kikombe ulimpa wewe."

"Ndiyo, afande."

Ulikuwa na haki, mke wangu, kuanzia zidisha mara mbili. Mlango mpya si mbovu. Unakufanyia kazi usiyoiona, na haukwambii umekwenda mara ngapi. Una neno lake la kusema "njooni pamoja", nami nililijifunza, liko kwenye faili yangu ya mazoezi, lakini sikulitumia. Nilikuwa nahesabu mistari niliyopunguza. Safari sikuzihesabu. Nilitaka kuondoka nimeacha kitu kizuri cha kutazama. Watu arobaini, shangazi yangu akiwemo, ndio niliowatumia kujaribia uhai wa watoto wa watu.

Kuna jingine. Nilipomaliza kumweleza Afande dawa yangu, aligonga kalamu mezani. Kisha akasema, "Sawa. Wachangiaji wamekuja na vipimo vyao kwa mkupuo. Sasa hii tarehe ya mwisho ya kutoa damu, nayo si inatoka kwenye rejista nyingine? Hiyo ameileta nani?"

Hakuna aliyeileta. Dawa niliyoiandika tarehe 20 ilikuwa nusu. Michango ingeendelea kuulizwa mmoja mmoja, safari elfu tatu na zaidi. Mtu asiyejua kompyuta ameliona mimi nisiloliona.

Fanya hivi, na kabla ya yote fanya nakala.

Fungua faili ya mazoezi, mstari wa kumi na nne. Ni mstari mmoja mfupi, ndani yake utaona neno vipimo. Unakili kama ulivyo, usipoteze hata nukta. Nenda faili ya Nani Anafaa, mstari wa thelathini na moja, pale panapoita wachangiaji. Mara baada ya hapo, chini yake, bandika. Hiyo ni nusu ya kwanza. Chini yake tena bandika mstari uleule mara ya pili, lakini badala ya neno vipimo andika michango. Basi. Hifadhi, zima programu, iwashe. Kisha hesabu maswali. Yakizidi matatu, umekosea mahali, rudisha nakala uanze tena. Usiogope.

Sasa nijibu na mimi. Afande alisimamisha ruhusa yangu siku kumi na nne, halafu siku ya sita ameifungua mwenyewe. Ameniuliza kila kitu isipokuwa kwa nini tuna haraka. Barua hii hataki kuiweka kwenye mfuko wa Jumatatu utakaokawia posta, anasema akimaliza zamu zake za siku tatu anaipeleka kwa miguu yake. Mtu haendi hivyo kwa ajili ya kompyuta. Bonge ana nini?

Baba Bonge


(kikaratasi kilichokunjwa ndani, kwa kalamu nyekundu)

Mama, sijamwambia. Lakini usinibebeshe hili tena, naketi naye uso kwa uso. Ile droo ilikuwa yangu. Mungu amsimamie mtoto.

Afande


Hospitali
6 Aprili

Baba Bonge,

Kaa chini kabla ya kusoma. Mwombe Afande kile kiti.

Barua yenu ilifika tarehe 31, saa tatu asubuhi. Mkurugenzi alikuwa ameshamtuma mtu wa kuja kuzima programu saa sita. Nilimkabidhi Mgeni kwa Sista Kengele bila kumwomba, nikamwekea tu mikononi, nikakaa. Nakala. Mstari wa kumi na nne. Mstari wa thelathini na moja. Nilipobandika wa kwanza nikahesabu kama mtu anayeonja: elfu tatu mia sita na sita, dakika tano na kitu. Nikabandika wa pili, nikabadili vipimo kuwa michango, nikazima, nikawasha.

Maswali matatu. Ukurasa ulifunguka kabla sijaondoa kidole.

Wachangiaji tisa wanafaa. Darubini alisoma majina kwa sauti, akashindwa kufika la tano, Sista akamnyang'anya karatasi akaendelea yeye. Wa kwanza kupokea simu ni fundi viatu. Alikuja na gundi vidoleni, hakuoga. Amesema alijiandikisha kwa sababu foleni ilikuwa inapita mbele ya kibanda chake na aliona aibu kubaki amekaa. Saa nane mchana damu yake ilikuwa inaingia.

Inaingia kwa nani, ndilo nisilokwambia tangu mwanzo. Kwa Bonge. Alikuwa kitanda cha nne tangu tarehe 12. Siku ile nilipokuandikia kwamba anataka kalamu nyekundu alikuwa na mrija puani. Kalamu aliitaka kweli, hilo sikulitunga.

Na damu ilikuta jambo limeshatokea. Jumapili asubuhi, tarehe 29, nilikuwa nampa uji. Kijiko kilimdondoka. Nikakiokota nikamrudishia, kikamdondoka tena. Nikasema, "Bonge, acha mchezo." Nilimwambia hivyo, Baba Bonge. Acha mchezo. Kisha nikaona mdomo umekwenda upande. Daktari anakiita kiharusi, damu ikiwa haba mno na zile seli zimejikunja, sehemu ya kichwa inakosa hewa. Mkono wake wa kulia haushiki. Mguu unajikokota. Maneno yanatoka, machache machache, kama mtu anayeyachagua sokoni.

Nimepanga tarehe juu ya kitanda kama karata. Barua yako ya tarehe 20 isingezuiwa ingefika huku tarehe 25. Ilikuwa nusu ya dawa, lakini nusu ni dakika tano, na dakika tano hazikatwi. Hata ile nusu ingetosha. Nimemchukia Afande siku moja nzima. Siku iliyofuata nikakumbuka kwamba wewe ulipoteza siku sita kwenye waya. Kisha nikakumbuka kwamba ulishikilia waya kwa sababu nilikwambia hajambo. Ningeandika tarehe 3 kwamba mtoto hana damu tangu Februari, usingeniletea habari za mistari mia na ishirini kuwa hamsini. Ungeihesabu ile programu kwa vidole ukutani.

Kwa hiyo tuko watatu. Usijaribu kulibeba peke yako, najua unavyopenda. Na mimi usiniombe msamaha kwenye barua inayokuja, sitausoma. Sina pa kuuweka sasa hivi. Ukifika wakati nitakuuliza mwenyewe uko wapi.

Nilichofanya ni hiki. Nimekwenda ukurasa kwa ukurasa, nimewasha hesabu kwa kila mmoja. Ukurasa wa wodi unauliza mara elfu moja mia mbili. Ukurasa wa akiba ya chupa, mia nane. Ni uleule mlango wako, uliupitisha humo pia. Mkurugenzi hakuizima programu. Ameuliza nani ameirekebisha, Sista akasema, "Karani, huyu mwenye mtoto mgongoni." Nataka uandike dawa ya kila ukurasa, kwa maneno, na umsomee Afande kwanza. Akiuliza swali, usikasirike, liandike. Kwenye korido kuna akina mama kumi na mmoja leo. Nimewahesabu nao.

Bonge. Jana alikaa bila kushikwa. Daktari wa mazoezi anamwekea mpira kiganjani anamfunga vidole juu yake kwa mkono wake, anavifungua, anafunga. Daktari hasemi atapona wala hatapona. Anasema "tutaona", na anasema bila kunitazama.

Aliniuliza kwa nini damu yake ilichelewa. Nimeacha kusema hajambo, hata kwake. Nikamwambia baba alikosea kwenye kazi yake, programu ikawa inakwenda polepole, mama naye akaficha, lakini baba ameona kosa na ameitengeneza akiwa hukohuko aliko, kwa barua tu.

Akafikiri. Unajua anavyokunja uso, sasa unakunjika upande mmoja. Akasema, "Basi na mkono wangu autengeneze."

Nikamwambia nitamwandikia baba. Hili silo la kujibiwa na mimi. Mjibu wewe. Usimdanganye. Na andika kwa herufi kubwa, hizo ndizo anazosoma mwenyewe.

Mama Bonge